Wenye Figo Moja wa Lwangala

Uzi ulikuwa umeshaingia kwenye mshipa wa paja la mgonjwa, na bamba la mashine iliyoitwa Fundi limeshaganda ubavuni mwake, pale muuguzi Kastori Mhongole alipochungulia mlangoni akasema maneno ambayo Daktari Gaudensia Luvanda hakutaka kabisa kuyasikia.

"Dokta, huyu bwana ana figo moja tu."

Gaudensia hakugeuka. Alikuwa ameshika mkono wa mgonjwa akitafuta mapigo, nayo yalikuwa yanakwenda mbio huku yakififia. Mgonjwa aliitwa Ladislaus Chengula, mkata magogo wa msitu wa juu. Asubuhi ile gogo la paina lilichomoka kwenye mnyororo likamgonga ubavu wa kushoto, na wenzake wakamleta juu ya tela la trekta, wamemviringisha blanketi. Alifika midomo imempauka, anatokwa jasho la baridi, na tumbo upande wa kushoto limekuwa gumu kama ubao.

"Nani kasema?"

"Mkewe. Yuko hapo nje."

"Kasema mwenyewe, au wewe umesema yeye akaitikia?"

Kastori alikohoa kidogo, akasema anakwenda kutafuta watu wa kutoa damu, akatoweka.

Asiyeijua Lwangala ataona kwamba daktari aliuliza kwa ukatili. Lakini hospitali ile ndogo ya milimani ilikuwa na wagonjwa wengi mno wenye figo moja. Kwingineko duniani watu huzaliwa na figo mbili, na mwenye moja ni wa kutafutwa kwa tochi. Lwangala walikuwa wanamiminika. Padri wa parokia alikuwa nayo moja, mwenye mashine ya kusaga alikuwa nayo moja, shemeji yake Kastori alikuwa nayo moja, na wote hao leo hii walikuwa wazima wa afya, wanalima na kunywa pombe ya ulanzi.

Chanzo kilikuwa Fundi mwenyewe. Ilikuwa mashine ya ukubwa wa sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni, na ililetwa kwa ajili ya hospitali ambazo hazina bingwa wa upasuaji, wala mashine kubwa za picha, wala damu ya kutosha kwenye friji. Ndani yake mlikuwa na uzi mwembamba kuliko unywele, uliokuzwa maabara, unaotambaa wenyewe ndani ya mshipa wa damu hadi pale palipochanika, ukiongozwa na mawimbi ya sauti yanayotoka kwenye bamba. Ukifika unaweza kufanya kazi mbili. Unaweza kuufunga mshipa moja kwa moja, damu isipite tena: mgonjwa anapona, figo inakufa. Au unaweza kufuma ukuta mpya wa mshipa, fundo kwa fundo, figo ikabaki inafanya kazi. Kufunga kunakula robo ya kapsuli ya uzi. Kufuma kunaimaliza kapsuli nzima. Waliomtengeneza Fundi walipiga hesabu wakaona kwamba mtu anaweza kuishi na figo moja, basi mwenye mbili aiache moja ili uzi ubaki kwa wengine. Ni mwenye figo moja peke yake ndiye angefumiwa bila mjadala.

Wenye akili zao wakaona pa kupitia.

Na wala hawakuona kwamba ni uongo. Lwangala ilikuwa imelelewa hivyo. Ukipiga simu kuomba gari la wagonjwa kwa mama anayetokwa damu kidogo, gari halitoki. Ukisema anakata roho, linatoka. Ukitaka mitungi miwili ya oksijeni, unaomba mitano. Wenyewe waliita jambo hilo kumsemea mgonjwa, na muuguzi asiyejua kusemea alionekana hana huruma. Gaudensia naye alimsemea padri, akamsemea mtoto wa jirani yake, na wala hakukosa usingizi.

Sasa kapsuli ilikuwa imebaki moja. Daraja la chini lilikuwa limesombwa na maji, na ndege ndogo zinazoleta dawa haziruki kwenye ukungu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya Lwangala tangu wiki iliyopita, mpaka taa zikawa zinawashwa mchana.

"Daktari," Fundi akasema. Sauti yake ilikuwa ya mwanamke wa makamo, ya upole, kama ya mtu anayeongea huku anahesabu mishono. "Nimefika. Mshipa mkuu wa figo ya kushoto umechanika karibu nusu ya mzunguko wake. Nimeubana kwa muda, haivuji tena. Nifunge?"

"Subiri kwanza. Nasikia ana figo moja."

"Na mimi nimesikia. Unajua, au umeambiwa?"

Swali hilo Fundi aliliuliza kila mara, ndivyo alivyoagizwa. Daktari akijibu "nimeambiwa," Fundi anafunga. Akijibu "najua," Fundi anatii na kufuma. Siku zote Gaudensia alikuwa akijibu "najua" kama mtu anavyojibu "nzuri" akiulizwa habari. Leo neno hilo hakulitoa.

"Kwanza angalia upande wa kulia," akasema. "Uniambie kama kuna figo."

"Bamba langu ni moja. Nikilibandua uzi utapotea njia, kibano kitafunguka, na atavuja mpaka mwisho. Mngeniambia kabla sijabandika, ningeangalia."

Gaudensia alitupa jicho pembeni. Mashine ya zamani ya ultrasaundi ilikuwepo, kioo chake kilikufa zamani, na juu yake zimepangwa chupa ya chai na vikombe.

"Tena kuna Mwalimu Sigrada," Fundi akaendelea. "Robo ya kapsuli hii ni yake. Nikifuma hapa, hakibaki kitu."

Hakuhitaji kukumbushwa. Mwalimu Sigrada Kihwele wa shule ya msingi alikuwa amelala wodi ya wanawake tangu alipoanguka na pikipiki. Mshipa wa figo yake ulikuwa umetuna kama puto, ukuta umekuwa mwembamba, na ungeweza kupasuka wakati wowote. Alikuwa afungwe mapema, lakini alipata homa ya mapafu, na Fundi akataka homa ishuke kwanza. Ilikuwa imeshuka. Alipangiwa kesho.

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi, na uwazi huo ndio uliomtisha Gaudensia. Akimfunga Ladislaus na kumbe ana figo mbili, Ladislaus anapona na mwalimu anapona. Akimfunga na kumbe anayo moja, atakuwa amemuua mtu polepole, maana mashine ya kusafisha damu iko mkoani, ng'ambo ya daraja lililosombwa. Akimfuma, mwalimu anabaki na puto lake.

"Kuna jambo lingine unapaswa kulijua," Fundi akasema. "Hapa nimeambiwa 'najua' mara kumi na moja. Mara zote kumi na moja, nilipobana mshipa, mkojo uliendelea kutoka. Mtu mwenye figo moja hatoi mkojo figo hiyo ikiwa imebanwa."

Gaudensia aligeukia sanduku. "Ulijua walikuwa nazo mbili?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ulisema unajua."

*

"Una muda gani?" Gaudensia alimuuliza Fundi akiwa mlangoni.

"Figo isiyopata damu haivumilii sana. Saa ya kwanza sina wasiwasi. Saa ya pili nina wasiwasi. Baada ya hapo hata nikifuma, nitakuwa nafumia nyama iliyokufa."

Gaudensia alimkuta Kastori ukumbini, karibu na pipa la maji ya kunawa, akiwapanga wakata magogo wenye damu inayofanana na ya mwenzao. Alimshika mkono wa koti akamvuta kando.

"Nijibu bila kuzunguka. Wewe ndiye uliyemwambia yule mama aseme figo moja?"

"Dokta, wagonjwa wanasubiri..."

"Kastori!"

Kastori aliangalia viatu vyake. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, anayependwa na kila aliyewahi kulazwa pale, na Gaudensia hakuwahi kumwona akikosa la kusema. "Huwa nawaambia wote," akasema kwa sauti ndogo. "Wakishuka tu pale getini. Mama, sema ana figo moja, mengine niachie mimi."

"Na huyu?"

"Na huyu. Kabla hajafungua mdomo."

"Kwa hiyo hujui kama ni kweli."

"Nitajuaje, Dokta? Sikumpa nafasi ya kusema lingine."

Gaudensia alihisi kutaka kumzaba kofi, na papo hapo akajua kwamba kofi hilo lingekuwa la kwake mwenyewe pia. "Ni ndugu yako huyu Chengula?"

"Simjui hata kwa sura."

"Sasa ulitaka nini?"

"Nilitaka apone na figo yake," Kastori akasema, na kwa mara ya kwanza akainua macho. "Na wewe ulikuwa unataka hivyohivyo. Isitoshe, Dokta, hiyo mashine unaiaminia nini? Imetengenezwa na watu wanaotaka uzi wao usiishe. Inawalinda wenyewe. Kama sisi tunaongeza chumvi, yenyewe inapunguza."

Neno hilo lilimwingia Gaudensia likakaa.

Mke wa Ladislaus alikuwa ameketi kwenye benchi la mwisho, mama mwembamba aliyevaa koti la kiume juu ya kitenge, tope la msituni limekauka miguuni. Aliitwa Eusebia. Alipomwona daktari alisimama haraka.

"Kamwene, mama. Kaa tu, tafadhali," Gaudensia akasema, na yeye akaketi kando yake. "Mume wako ana figo ngapi?"

"Moja."

"Nani alikuambia?"

"Nesi."

Gaudensia alifumba macho. "Basi mama, wewe hujui. Umefundishwa."

"Hapana, daktari, hujanielewa." Eusebia aligeuka akamtazama usoni. "Nesi aliponifuata pale getini akaniambia, sema ana figo moja, mimi nilishtuka. Nikajiuliza, huyu amejuaje? Nikadhani Ladislaus aliwahi kutibiwa hapa nami sikuambiwa. Ndiyo maana nikamjibu, eeh, ni kweli, anayo moja."

Gaudensia alimwangalia yule mama macho, mdomo, vidole. Maneno yale yalikuwa ya kweli kabisa, au yalikuwa uongo wa mtu mwenye kipaji. Miaka yote ile alikuwa hodari wa kusema uongo mdogo wa hospitali. Kuutambua kwa mwingine lilikuwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kumfundisha.

"Iligunduliwa wapi?"

"Alipokwenda kupimwa jeshini, bado kijana. Walimpiga picha ya tumbo wakamwambia, wewe ya kulia huna, umezaliwa hivyo. Wakamrudisha nyumbani. Aliona aibu, daktari. Hakutaka watu waseme ni mtu nusu."

"Kuna karatasi?"

"Aliichana."

"Nani mwingine anajua?"

"Mama yake. Tulimzika mwaka juzi."

Naam, Gaudensia alijisemea. Karatasi imechanwa, shahidi ni marehemu, na aliyezaliwa bila figo hana hata kovu la kuonyesha. Kama mtu angekaa chini atunge hadithi isiyoweza kuchunguzwa, angetunga hiyohiyo. Alimchukia mama yule kwa muda mfupi, kwa kuwa na hadithi iliyonyooka namna ile.

"Mbona unanihoji kama polisi?" Eusebia akauliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kujua.

"Kwa sababu yuko mtu mwingine anayehitaji dawa hiyohiyo, na haitoshi wote wawili. Nikimpa mume wako yote na kumbe ana figo mbili, nitakuwa nimemwibia mgonjwa yule maisha."

Eusebia alikunja ukosi wa koti, akaukunjua.

"Mimi siwezi kumfungua mume wangu nikuonyeshe," akasema hatimaye. "Ningeweza, ningemfungua."

*

Lililobaki lilikuwa mkojo.

Gaudensia alirudi chumbani, akamwaga mkojo wote wa damu uliokuwa kwenye mfuko tangu mrija wa kibofu ulipowekwa, akautundika mfuko ukiwa mtupu. Hoja ilikuwa rahisi. Figo ya kushoto imebanwa, haiwezi kutoa chochote. Basi tone lolote litakaloshuka sasa litakuwa limetoka kulia, na kama kulia kuna kitu, Ladislaus anafungwa, Mwalimu Sigrada anapata robo yake, na yule mama wa koti ni mwongo kama Lwangala yote.

Tatizo ni kwamba mgonjwa aliyepoteza damu nyingi anaweza kukaa bila mkojo hata angekuwa na figo tatu. Mwili ukiona damu ni chache unafunga bomba la chini ili ubongo na moyo vipate. Ilibidi kwanza damu ipande, ndipo mfuko ule useme kitu cha maana. Na wakati huo wote figo iliyobanwa ilikuwa inakosa pumzi. Kwa maneno mengine, kila dakika aliyoitumia kuchunguza kama mama anasema kweli ilikuwa inaila ile figo, endapo alikuwa anasema kweli.

Damu ya wakata magogo iliingia, mfuko wa kwanza, kisha wa pili. Kastori alikuwa anafinya mfuko kwa mikono miwili ili uende haraka. Rangi ikaanza kurudi midomoni mwa Ladislaus. Akafumbua macho, akauliza kama trekta limerudi msituni, akayafumba tena.

"Presha?"

"Inapanda," Kastori akajibu.

Wote wawili waliutazama mfuko wa mkojo. Ulikuwa mkavu.

Gaudensia aliinama karibu na sanduku la Fundi, kana kwamba lina uso. "Nitajuaje kama umeubana mshipa kweli?" akauliza. "Labda umeuachia kidogo, mkojo ushuke, nidhani anazo mbili, nikuruhusu ufunge, uzi wenu ubaki."

"Hutajua," Fundi akasema. "Utakuwa umeambiwa."

Kastori alitoa kicheko kifupi akakimeza. Gaudensia hakuona cha kuchekesha. Alikuwa amezungukwa na watu na kitu kisichokuwa mtu, na hapakuwa na hata mmoja ambaye neno lake angeweza kulitegemea. Kastori alifundisha watu kusema uongo kwa huruma. Eusebia huenda alisema kweli, au huenda alijua kuukoleza uongo kuliko wote. Fundi alijua kumi na moja walikuwa waongo na akanyamaza. Na yeye mwenyewe alisema "najua" bila kujua, mpaka neno lenyewe likachuja kama kanga ya zamani.

Presha ilifika mahali pazuri. Ikakaa hapo. Mikono ya mgonjwa ikapata joto.

Mfuko ulikuwa bado mkavu.

"Mpe maji zaidi," Gaudensia akasema.

Kastori akafungulia dripu. Wakasubiri. Mtu alipopita ukumbini akiburuta kitanda, wote walishtuka. Mara Kastori akanyoosha kidole: kwenye mrija, karibu na mfuko, palikuwa na tone la njano. Gaudensia alipiga magoti sakafuni akaliangalia. Halikusogea. Aliutikisa mrija, likateleza likaingia mfukoni, na nyuma yake hapakuja lingine. Lilikuwa limebaki kwenye kona ya mrija tangu mwanzo, au ndilo lilikuwa la kwanza kutoka kulia. Aliwaza yote mawili kwa nguvu zilezile, akaona anaweza kuyaamini yote mawili.

"Daktari," Fundi akasema, "sasa nina wasiwasi."

"Nipe muda kidogo."

"Mimi ninao. Figo haina."

Gaudensia alisimama, magoti yanamuuma. Aliogopa, na hakujificha kwamba anaogopa. Alimwona Mwalimu Sigrada kichwani mwake, miwani yake imewekwa juu ya kabati la dawa, akimuuliza kila asubuhi kama kesho ni kesho kweli. Halafu akamwona mama wa koti la kiume akisema, nilishtuka, nikajiuliza amejuaje. Mtu anayefundishwa uongo hashtuki, anauliza tu aseme vipi. Hapo ndipo moyo wake uliposhika. Haukuwa ushahidi wa kupeleka mahali popote. Damu ilikuwa imerudi, mikono ina joto, maji yanaingia, na tone moja halikuwa mkojo wa mtu mwenye figo nzima.

"Unajua, au umeambiwa?" Fundi akauliza.

Jibu la kweli lilikuwa "nimeambiwa," na jibu hilo lilikuwa linafunga mshipa. Lwangala walikuwa wamejiletea wenyewe: siku mkweli alipofika, ilimbidi daktari aseme uongo uleule ili ukweli wake usikike.

"Najua," akasema.

Fundi hakuuliza tena. Mlio mdogo ulisikika ndani ya sanduku, kapsuli ikizunguka, na kwenye kioo cha Fundi uzi ukaanza kwenda na kurudi juu ya mshipa uliochanika. Kastori alikuwa amesahau mkono wake juu ya dripu. Uzi uliendelea mpaka kioo kikaandika sifuri.

"Nimemaliza. Naachia kibano."

Kwa muda hapakutokea kitu. Kisha mrija ukawa mwekundu, ukafuata wekundu hafifu, na tone likashuka, na lingine, na lingine, hadi matone yakashikana yakawa mfereji mwembamba unaoingia mfukoni bila kukoma. Kastori aliketi chini sakafuni, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

"Alikuwa nayo moja," Fundi akasema. "Nimejifunza."

"Umejifunza nini?" Gaudensia akauliza.

"Kwamba Lwangala mmoja kati ya kumi na wawili husema kweli. Jana nilikuwa najua hakuna."

Gaudensia alivua glavu. Alikuwa na furaha, na furaha ilikuwa imekaa juu ya kitu kibaya, akashindwa kuifurahia. "Kastori. Pale getini hutamfundisha mtu tena la kusema."

"Na wakifungwa wakati wangeweza kufumwa?"

"Watafungwa."

Kastori alijifuta uso kwa mgongo wa mkono. Hakuitikia wala hakukataa, na Gaudensia akatambua kwamba kuanzia leo atakuwa anamchunguza mtu huyu kila gari litakapoingia, na kwamba yeye naye atakuwa anachunguzwa.

*

Wodi ya wanawake ilikuwa na harufu ya sabuni na uji. Mwalimu Sigrada alikuwa amelala chali, bila mto, kama alivyoagizwa, miwani usoni. Gaudensia hakupata nafasi ya kuanza.

"Wameshaniambia," mwalimu akasema. "Wanasema amekuja mtu ana figo moja."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kama padri."

Wanawake wa vitanda vya jirani waliacha kuzungumza. Mmoja alijifanya anatafuta kitu chini ya shuka.

"Huyu ni kweli," Gaudensia akasema. "Nilisubiri. Tulimbana, hakutoa mkojo. Tulipoachia, ulitoka."

"Na padri mlimsubiri?"

Gaudensia alivuta kiti akaketi. Alikuwa amejiandaa na maneno mengi juu ya daraja, ukungu, na mashine. Yote yalimwacha. "Padri ilikuwa uongo. Nilisema mimi. Kama nisingesema, robo tatu ya kapsuli ile ingekuwepo leo, na wewe kesho ungefungwa kama nilivyokuahidi."

Mwalimu Sigrada alivua miwani, akaishika kifuani. Hakupiga kelele. Aliyewahi kukaa darasani kwake angejua kwamba hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Huyo padri alikuja Jumapili kuniombea," akasema. "Alikuja na pikipiki."

"Najua."

"Usiniambie unajua."

"Sawa, mwalimu."

Nje ya dirisha ukungu ulikuwa umeziba hata mti wa uani. Gaudensia alieleza yaliyobaki. Alale bila kujigeuza, asikohoe kwa nguvu, aombe msaada hata wa kunywa maji. Pengine puto litavumilia mpaka anga lifunguke na ndege ilete uzi. Likipasuka kabla, hapatakuwa na Fundi. Itabidi apasuliwe kwa kisu, pale pale Lwangala, figo itolewe.

"Nani atanipasua?"

"Mimi."

"Umeshawahi kumtoa mtu figo kwa kisu?"

Hapo kulikuwa na jibu ambalo kila daktari wa Lwangala alilijua kwa moyo. Nyingi tu, mwalimu, wala usiwe na shaka. Lilimjia Gaudensia mpaka kwenye meno, lina joto, lina huruma tele, na mgonjwa angelala usingizi mzuri.

"Nimewahi," akasema. "Mara nne. Wawili walikufa mezani."

Mwanamke wa kitanda cha jirani alishika mdomo. Mwalimu Sigrada alirudisha miwani usoni, akamtazama daktari kwa muda mrefu, kuanzia kwenye viatu vyenye madoa ya damu ya mkata magogo hadi machoni.

"Hilo naliamini," akasema, akageuza uso upande wa ukuta.